Naomba ushauri: Nissan Leaf au BYD Atto 3 kwa milima ya Mbeya?

Wakuu, habari za jioni. Nipo Uyole, nataka kununua gari la umeme na nimebakiwa na mawili: Nissan Leaf ya betri ya kilowati-saa 40 na BYD Atto 3.

Kwenye karatasi, Leaf ina mota ya kilowati 110 na inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 7.9. Atto 3 ina kilowati 150, sekunde 7.3. Spidi ya mwisho ni 144 kwa Leaf na 160 kwa Atto 3, lakini hiyo hainisumbui, barabara zetu hazina nafasi ya kufika huko.

Shida yangu ni mlima. Huwa napandisha Chunya kupitia Kawetere, gari limejaa watu na magunia, halafu unakuta lori linatambaa mbele. Ukipata upenyo, unataka gari lichomoke kutoka 40 hadi 80 papo hapo. Najua mota ya umeme haiishiwi pumzi kwenye hewa nyepesi ya juu kama injini ya petroli isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini), na hilo ndilo limenivuta.

Hofu yangu ni joto. Betri ya Leaf haina mfumo wa kuipooza, ya Atto 3 inao. Je, ukikanyaga mfululizo kwenye mwinuko mrefu, Leaf inapunguza nguvu? Na uzito wa Atto 3 hauli faida ya zile kilowati?

Aliyepandisha mlima Kitonga kule Iringa na mojawapo aniambie lilivyovuta na chaji ilishuka kiasi gani. Natanguliza shukrani.