Kichwa-nyoka wa kufugwa katika tangi la lita 300: micropeltes, obscura au andrao?

MwanaTangi (Hamburg)

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu. Tangi langu la kioo lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 50 na kimo cha 50 limebaki tupu baada ya samaki wangu wa jamii ya sikilidi wa Ziwa Tanganyika kuhamia kwa rafiki, na sasa nakusudia kufuga samaki mla nyama wa jamii ya kichwa-nyoka. Nimepata aina tatu ambazo naweza kununua hapa Ujerumani bila kuvunja sheria. Wa kwanza ni Channa micropeltes mchanga, mwenye urefu wa kidole, mwekundu, mwenye mistari miwili myeusi ubavuni. Huyu ndiye wa bei nafuu kuliko wote. Wa pili ni Parachanna obscura, kichwa-nyoka wa Afrika, ambaye moyo wangu unamwelekea kwa sababu anatoka katika mito ya bara letu. Wa tatu ni Channa andrao, samaki mdogo wa India mwenye mapezi ya buluu, ambaye mfugaji mmoja anamuuza kwa kundi la sita.

Naomba mnilinganishie aina hizi kwa kuzingatia ukubwa wa tangi, joto la maji, chakula na tabia zao. Tangi liko katika chumba ambacho sikipashi joto wakati wa baridi.

Fundi wa Kioo (Nairobi)

Ndugu MwanaTangi, karibu. Nianze na yule wa bei nafuu ili tumwondoe mapema katika hesabu. Channa micropeltes ni miongoni mwa samaki wakubwa kabisa wa jamii yake. Akikomaa hupita urefu wa mita moja na anaweza kufikia uzito wa kilo 20. Ule wekundu unaokuvutia dukani ni rangi ya utotoni tu, kwa maana wakati huo vifaranga huogelea kwa makundi makubwa wakilindwa na wazazi, na kadiri anavyokua mistari hufifia na mwili huwa na mabaka ya weusi, kijani na buluu. Unamnunua samaki mmoja, kisha baada ya muda mfupi unaishi na mwingine kabisa.

Upana wa tangi lako ni sentimita 50, kwa hiyo samaki wa mita moja hawezi hata kugeuka humo bila kukunja mgongo. Atagonga kioo kwa pua kila anaposhtuka, na kidonda cha puani kwa samaki wa aina hii hupona kwa shida kwa sababu hukigonga tena kabla hakijafunga. Huko kwao, Thailand na nchi jirani, wazazi wanaolinda vifaranga hushambulia hata watu wanaowakaribia majini. Samaki huyu anafaa kwenye bwawa la ndani la jengo la maonyesho, na wanaowauzia wenye matangi ya nyumbani bila kuwaeleza hayo hawawatendei haki wanunuzi wala samaki.

Mwana wa Tshopo (Kisangani)

Nakubaliana na kaka wa Nairobi kuhusu micropeltes. Niruhusuni nimzungumzie Parachanna obscura, ambaye huku tunamwita mongusu na tunamjua zaidi sokoni kuliko ndani ya kioo.

Mongusu haishi katikati ya mto penye mkondo. Utamkuta kwenye kinamasi, kwenye vijito vilivyofunikwa na msitu, na kwenye maji yanayobaki mto unaporudi ndani ya kingo zake, mahali ambapo maji ni meusi kama chai kwa sababu ya majani yanayooza na ambapo samaki wengi hukosa hewa. Yeye hapungukiwi, kwa kuwa ana chumba cha kupumulia juu ya matamvua na hupanda juu kumeza hewa. Ukikaa kimya ukingoni asubuhi utaona maji yakitikisika kidogo, midomo ikigusa uso wa maji, kisha kiputo kimoja au viwili vinabaki pale alipokuwa. Wavuvi hutambua maskani yake kwa alama hiyo.

Ukimfuga, umpe hali hiyo hiyo: mwanga hafifu, mimea inayoelea, magogo ya kujificha, chujio lisilosukuma maji kwa nguvu, na joto la nyuzi 25 hadi 28. Porini anaweza kufika nusu mita, ingawa kwenye matangi wengi huishia kwenye sentimita 30 na ushei. Mmoja peke yake ataishi vizuri katika lita 300. Jozi iliyokubaliana pia inawezekana, lakini mara nyingi wawili wasiokubaliana huishia mmoja kufa, na ishara huwa ndogo: mmoja anabaki kwenye kona ya juu, mapezi yamebanwa mwilini, haji tena kula. Ukiona hivyo usisubiri kesho, watenganishe.

Bi Mkungu (Mombasa)

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo. Naongeza mambo mawili tu, ambayo yanawahusu wote watatu.

La kwanza ni kifuniko. Kichwa-nyoka huruka, na hupenya kwenye tundu la waya wa hita ambalo wewe ulidhani halipiti hata kidole. Kwa hiyo funga kila upenyo na weka uzito juu. Lakini usijaze maji mpaka kwenye kifuniko, kwa maana samaki huyu akizuiwa kufika kwenye hewa hufa maji, ingawa ana matamvua. Acha nafasi ya sentimita nane hivi au zaidi, na hewa ya pale iwe na joto na unyevu unaokaribiana na wa maji. Hilo ni muhimu zaidi kwako wewe uliye kwenye nchi ya baridi.

La pili ni majani. Huku pwani miti ya mikungu (mlozi wa India) imejaa barabarani, na majani yake makavu yaliyoanguka yenyewe, yakioshwa na kutiwa tangini, huyapa maji rangi ya chai na kuyafanya yawe na asidi kidogo, jambo ambalo samaki wa vinamasi hulipenda. Ulaya huyauza kwa bei ambayo sisi hatuwezi kuiamini, lakini majani makavu ya mwaloni kutoka msituni, mbali na barabara na mashamba yenye dawa, yatakufaa vilevile.

Mzee wa Leipzig (Ujerumani)

Marahaba, binti. Mwanangu MwanaTangi, umetaja jambo moja mwishoni mwa swali lako kana kwamba ni dogo, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua: chumba chako hakipashwi joto. Watu wengi hulinganisha samaki hawa kwa urefu na kwa bei, kisha samaki hufa mikononi mwao kwa sababu ya joto la maji lisilofaa.

Channa andrao anatoka kwenye kinamasi kaskazini mwa jimbo la West Bengal, chini ya milima ya Himalaya. Alielezwa kisayansi na Ralf Britz mwaka 2013, ingawa wafugaji walikuwa naye miaka mingi kabla ya hapo. Ndugu yake wa karibu, Channa bleheri wa bonde la Brahmaputra huko Assam, alielezwa mwaka 1991. Wote wawili hawana mapezi ya tumbo, na wote wawili wanaijua baridi. Kwao kuna masika ya mvua yenye joto, na kuna miezi ya ukame ambapo usiku ni baridi na maji hupungua. Ukimweka andrao kwenye nyuzi 27 mwaka mzima atakula kwa pupa, atakua haraka, atakuwa mgomvi, na maisha yake yatakuwa mafupi. Anahitaji kipindi cha mapumziko cha miezi miwili au mitatu ambapo maji hushuka taratibu hadi nyuzi 16 au 18, naye hupunguza kula mpaka karibu aache. Majira ya joto nyuzi 22 hadi 25 zinamtosha.

Sasa angalia hali yako. Kumfuga obscura Hamburg ni kulipia umeme wa hita miezi yote ya baridi, na hita ikizimika usiku wa Januari umempoteza. Kumfuga andrao katika chumba hicho hicho ni kuzima hita Novemba na kuacha majira yafanye kazi yake, huku ukiangalia kipimajoto kisishuke kupita kiasi. Bi Mkungu akiniuliza afuge yupi Mombasa, ningemjibu kinyume kabisa: pwani hakuna namna ya kumpa andrao baridi hiyo bila mashine ya kupooza maji, ilhali obscura angejiona yuko nyumbani.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nimpende andrao, nayo ni ulezi wake. Hukua hadi sentimita 10 au 12 tu, kwa hiyo tangi lako kwake ni jumba, na unaweza kuwaweka wale sita wakue pamoja mpaka jozi ijitenge yenyewe. Wakati huo uwaondoe wengine wanne, kwa sababu jozi haitawavumilia. Dume humkumbatia jike kwa kujizungusha, mayai hupanda juu, kisha dume huyakusanya kinywani. Utamtambua kwa koo lililovimba na kwa kukataa chakula. Vifaranga wakishatoka, jike hupanda juu yao na kutoa mayai madogo yasiyorutubishwa, nao hujikusanya chini ya tumbo lake na kuyala yakiwa yanaelea. Nimefuga samaki wa kila namna, na sijaona mwingine ninayeweza kumkalia mbele kwa muda mrefu hivyo.

Mwana wa Tshopo (Kisangani)

Mzee, nakuheshimu, na hoja ya joto naipokea. Hata hivyo ulezi si wa andrao peke yake. Mongusu hautii mayai kinywani, bali huyaacha yaelee mahali penye utulivu katikati ya mimea, na wazazi huyalinda na kisha huongoza kundi la vifaranga. Tofauti ni kwamba vifaranga wake ni wengi sana, na mfugaji wa nyumbani hana mahali pa kuwapeleka. Kwa sababu hiyo, mwenye tangi moja ningemshauri amfuge mongusu mmoja tu.

MwanaTangi (Hamburg)

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Micropeltes nimemwacha. Kabla sijaamua kati ya hao wawili, nina maswali mawili. Je, ni lazima niwape samaki hai? Pili, kaka yangu yuko Mwanza, ameona picha na anataka nimletee vifaranga nitakapokuja likizo. Je, kuna ubaya?

Ziwani (Mwanza)

Kuhusu kaka yako, tafadhali usilete. Huwezi kuingiza samaki hai wa kigeni bila kibali cha mamlaka za uvuvi, na hata bila sheria hiyo, sisi wa ziwa hili tunajua gharama yake. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, na spishi nyingi za furu, samaki wadogo wa asili, zilizokuwa humu tu duniani zimetoweka au zimebaki kidogo. Kichwa-nyoka hupumua hewa, huishi kwenye mtaro wenye maji machafu, na hulinda watoto wake. Madagascar wamekwisha kumwona: Channa maculata wa China, ambaye wao wanamwita fibata, alipelekwa huko katika miaka ya 1970 na akaenea kwenye mashamba ya mpunga na maziwa, akila samaki wa asili ya kisiwa. Huku kwetu mvua kubwa moja inatosha kuunganisha bwawa la bustani na ziwa.

Msafiri wa Minnesota (Minneapolis)

Namuunga mkono ndugu Ziwani. Hapa Marekani hatuwezi tena kuingiza samaki hawa kutoka nje wakiwa hai. Tangu Oktoba 2002 Channa na Parachanna wote wako kwenye orodha ya wanyama waharibifu. Mwaka huo huo, katika bwawa moja la Crofton, Maryland, walionekana Channa argus waliozaliana kutoka kwa wawili walioachiwa na mtu aliyewanunua hai sokoni ili amtengenezee dada yake mgonjwa supu. Serikali ya jimbo ilitia sumu ya rotenoni, na maiti za vifaranga zilizookotwa zilizidi 1,000. Miaka miwili baadaye samaki wa aina hiyo hiyo akaonekana katika mto Potomac, na huko hawajaondoka hadi leo. Ulaya nako Channa argus aliingizwa mwaka 2022 kwenye orodha ya spishi zilizokatazwa, na wakati mwingine wauzaji hawatofautishi aina, kwa hiyo MwanaTangi adai jina kamili la kisayansi kwenye risiti.

Fundi wa Kioo (Nairobi)

Nijibu la chakula. Si lazima samaki hai, na ningesema ni bora wasipewe kabisa. Samaki wa kulishia wa dukani huleta vimelea na magonjwa, na samaki wa dhahabu wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, hivyo anayeishi kwa kuwala pekee hudhoofika polepole huku mwenyewe ukidhani anashiba. Anza na nyungunyungu waliooshwa vizuri, nyenje, uduvi, na vipande vya minofu ya samaki. Usimpe nyama ya ng'ombe wala kuku, kwani mafuta yake hayamfai. Chakula cha vidonge hufundishwa kwa subira: mpe nyungunyungu kwa vibanio mpaka azoee kufuata vibanio vyenyewe, kisha siku moja uweke kidonge kilicholowanishwa mahali pa nyungunyungu. Akikitema mara kadhaa usikate tamaa. Kichwa-nyoka mwenye afya anaweza kukaa siku kadhaa bila kula na asipungue.

Lisha wakubwa mara mbili au tatu kwa wiki, na siku inayofuata ondoa mabaki na ubadilishe theluthi ya maji. Mla nyama hutoa amonia nyingi, na kwa kuwa anapumua hewa, hatakuonyesha mapema kwamba maji yameharibika kama samaki wengine wanavyofanya kwa kuhema juu. Pima kwa vifaa, usitegemee macho.

MwanaTangi (Hamburg)

Nimeelewa, na kaka yangu nimemwambia hapana. Nitachukua andrao sita. Mzee wa Leipzig, mfugaji anasema amewaweka kwenye nyuzi 26 tangu walipozaliwa, na sasa ni Oktoba. Je, niwateremshe mwaka huu?

Mzee wa Leipzig (Ujerumani)

Mwaka huu uwateremshe hadi nyuzi 20 tu, mwanangu, nyuzi moja kwa wiki, ukianza baada ya kuwaona wote sita wakila. Vifaranga waliolelewa kwenye joto hawana akiba ya mwilini ya kupitisha baridi kali. Wakikaribia Machi waongezee chakula kabla hujaongeza joto, na baridi kamili ya nyuzi 17 uiache hadi mwaka ujao wakiwa wamekomaa. Usiku wa kwanza zima taa ya tangi na ya chumba, na kagua kifuniko mara mbili, kwa sababu samaki mgeni huruka zaidi usiku huo kuliko usiku mwingine wowote.