Kuku wa mayai 200, mbuzi wa maziwa wanne au papai ekari moja? Nina milioni 4.2, naombeni ushauri

Kaimu wa Milele
Wakuu, habari za usiku. Nina shamba Mlandizi, Pwani, ekari mbili, nilinunua 2019 likakaa tu na mikorosho minne na kichaka. Kikoba kimevunjwa juzi, nimeshika milioni 4.2 na sitaki ziishie kwenye ada na michango ya harusi. Nimebaki na mawazo matatu: kuku wa mayai 200, mbuzi wa maziwa wanne na beberu wao, au papai Malkia F1 ekari moja. Upi unalipa haraka?

Nauliza kwa sababu kazini hali si hali. Nimekaimu ukuu wa kitengo miaka miwili na miezi minne bila posho ya kukaimu. Mwezi wa tatu kaletwa kijana kutoka nje, na mimi ndiye ninayemfundisha mfumo. Ananiita "mzee wangu". Nina miaka 43.

Mama Chotara
Pole na kazi. Maji yapo? Nani anakaa huko shambani? Wewe unalala wapi? Hujasema hata kimoja, halafu unataka tukuchagulie mradi.

Beberu la Uluguru
Mbuzi. Funga mjadala. Kule Mgeta, Morogoro, wamefuga mbuzi wa Kinorwe tangu chuo cha kilimo SUA kiwapelekee miaka ya 80, na hadi leo mtoto anaenda shule kwa maziwa ya mbuzi. Anabeba mimba miezi mitano tu, anakula majani, habishani na mtu. Jenga banda la kunyanyua, sakafu ya mbao zenye nafasi ili samadi idondoke chini, na hiyo samadi ndiyo inakwenda kwenye papai. Umepata viwili kwa kimoja.

Mama Chotara
Mgeta kuna baridi na majani mwaka mzima. Mlandizi mwezi wa tisa mbuzi atakula nini, mkorosho? Na hayo maziwa anamuuzia nani? Watu wa pwani ukiwaambia maziwa ya mbuzi wanakunja pua kabla hawajaonja.

Beberu la Uluguru
Wanakunja pua kwa sababu wafugaji wanamchanganya beberu na majike wanaokamuliwa, maziwa yanashika harufu yake. Mtenge beberu, kamua kwa chombo safi, mpe mtu chai bila kumwambia. Mimi wageni wangu wote wamekunywa. Majani makavu yapo, Vikuge hapo Kibaha wanauza marobota.

Hesabu Kwanza
Tuweke namba mezani. Kuku wa mayai anayetaga anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 200 ni kilo 24. Mfuko wa kilo 50 unakaa siku mbili na kidogo, yaani mifuko 14 au 15 kwa mwezi. Na hao hawatagi hadi wiki ya 18 hadi 20. Miezi minne na nusu unalisha midomo isiyolipa. Kifaranga hadi aanze kutaga anamaliza kilo 7 au 8, zidisha mara 200, hapo ni tani moja na nusu ya chakula kabla hujaona yai la kwanza. Ukitoa banda, vifaranga, vyombo, mkaa wa kulelea vifaranga na chanjo, hiyo 4.2 inakata roho wiki ya 12. Baada ya hapo unalisha kwa mshahara wa hiyo hiyo kazi unayoikimbia. Anza na 60.

Kaimu wa Milele
Asanteni. Maji: kuna jirani ana kisima, tunaelewana. Mimi naishi Kimara. Shambani kuna kijana wa jirani anapita pita.

Mama Chotara
"Anapita pita."

Jogoo la Shamba
Kaka Kaimu, ngoja nikueleze yaliyonikuta, kisha uamue mwenyewe.

2021 nilikuwa na kuku wa mayai 500 Chanika. Hadi wiki ya kumi sikupoteza hata 15. Afisa mifugo wa kata alikuwa anakuja mwenyewe kuchanja: kideri siku ya 7, Gumboro ya 14, kideri tena ya 21. Nikamwona anakula hela ya bure, kila akija nauli na soda. Wiki ya 11 nikasema narudia kideri mwenyewe, si ni kuweka dawa kwenye maji? Nikanunua chanjo, nikaibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, vizuri kabisa. Kuku nikawanyima maji saa mbili ili wanywe kwa pupa. Vyote nilifuata. Ila kisima kilikuwa na tope siku ile, na kwa kuwapenda kuku wangu nikabeba madumu matatu ya maji ya bomba kutoka nyumbani. Masafi, yanang'aa, yananukia dawa.

Ile dawa ya bomba, klorini, ndiyo inayoua chanjo. Nimewapa kuku 500 maji matupu na nikaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu: WAMECHANJWA.

Wiki tatu baadaye niko kwenye kikao, simu inatetema mezani, mkuu ananitazama. Mara ya nne nikatoka. Kijana anasema, "Anko, kuku wanapinda shingo." Nikamuuliza wangapi, akasema hawa hapa naona kama 20, lakini wote wamenyamaza. Hilo la kunyamaza ndilo lililonimaliza. Banda la kuku 500 halinyamazi. Nilifika jioni, kinyesi kijani, kuku kasimama kichwa kimegeuka kinaangalia juu kama anasoma bango. Kwa siku nne tulichimba shimo na kuchoma. Walibaki 61.

Siku ya tano asubuhi nilikuwa na usaili wa kupanda cheo. Nilioga mara mbili lakini nadhani manyoya yaliyoungua yalikuwa kwenye nywele, maana yule mama wa katikati alisogeza kiti. Wakaniuliza najiona wapi baada ya miaka mitano. Nikakaa kimya muda mrefu mno. Cheo sikupata.

Hesabu Kwanza
Pole sana mkuu. Ukilazimika kutumia maji ya bomba, yaache usiku mzima kwenye beseni la wazi, na siku ya kuchanja koroga maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwanza. Au tumia ile chanjo ya kideri ya matone ya jicho, I-2, unarudia kila miezi mitatu na haisumbuki sana na joto.

Jogoo la Shamba
Najua sasa.

Mkulima wa Simu
Mimi niko Kajiado, Kenya. Sisi huku jina letu ni hilo nililoandika, tunalima kwa kupiga simu. Ushauri wangu ni mmoja: usiingie kwa kitu kwa sababu kila mtu anakiongelea. Mwaka wa 2014 tulikuwa na kware. Watu waliuza magari wanunue kware, yai likawa dawa ya kila ugonjwa. Miezi michache tu, kila boma lina kware na hakuna mnunuzi. Mimi nilikula kware hadi watoto wakaniuliza tumekosa nini. Hiyo papai munayoita Malkia inanikumbusha kware.

Beberu la Uluguru
Papai si kware, papai watu wanakula miaka yote. Shida yake ni maji. Bila maji ya uhakika maua yanapukutika, na kisima cha jirani "mnayeelewana" kitakauka siku utakayoanza kuuza.

Daladala Mbovu
Kuhusu umbali, siku hizi kuna SGR, treni ya umeme. Panda ile ya kawaida, siyo ya haraka, shuka Soga, chukua boda. Mambo rahisi tu.

Hesabu Kwanza
Anakaa Kimara. Arudi mjini Stesheni ili apande treni ya kumpitisha tena nyuma ya nyumbani kwake? Barabarani toka Kimara hadi Mlandizi ni kama kilomita 45.

Mstaafu Mtarajiwa
Mimi niongee la kazi, maana wote mnalikwepa. Kaimu, usiache kazi. Nasikia harufu ya barua ya kuacha kazi katikati ya mistari yako. Dai posho yako kwa maandishi, na vielelezo vya kukaimu viweke nyumbani, siyo ofisini.

Daladala Mbovu
Abaki asubiri nini, kikokotoo cha pensheni? 2022 wametuwekea mkupuo wa 33%, kelele zikapigwa, 2024 wakapandisha 40% kwa baadhi yetu, mnashangilia. Bora kuku.

Mstaafu Mtarajiwa
Kuku hawana bima ya afya.

Daladala Mbovu
Na kuku hawajazi PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji kazini.

Kaimu wa Milele
Nimesoma zote. Jogoo la Shamba umeninyima usingizi. Ni kweli barua nimeiandika, iko kwenye simu, sijaituma. Na kuna jambo sikulisema: ile hela ya kikoba nusu yake ni ya mke wangu, na yeye anadhani nimeiweka benki.

Mama Chotara
Haya sasa. Mdogo wangu, zima simu, nenda sebuleni.

Beberu la Uluguru
Mke akishirikishwa atachagua mbuzi, wanawake wanaelewa maziwa.

Mama Chotara
Mimi ni mwanamke na nafuga Kuroiler, kuku chotara.

Mkulima wa Simu
Kuroiler ama Sasso? Huku kwetu wanasema Sasso anakula kama amelipwa.

Mama Chotara
Wote wanakula. Ila Kuroiler ukimwachia nje anajitafutia, Sasso wangu walikuwa wanakaa mlangoni kunisubiri mimi na ndoo.

Kaimu wa Milele
Tumeongea. Hajakasirika nilivyotegemea, amecheka, kisha akauliza kisima cha kuchimba wenyewe ni bei gani. Jumamosi tunakwenda wote Mlandizi kuangalia. Barua bado iko kwenye simu.

Jogoo la Shamba
Mkifika, mwangalie huyo kijana anayepita pita anapitia wapi.

Daladala Mbovu
Nje ya mada kidogo: kuna mtu humu ana vipando vya Juncao, yale majani ya mifugo, maeneo ya Kisarawe?