Modeli yageuza Kiamu kuwa sanifu

Swali: Assalaam alaykum wajuzi. Nafunza modeli ya lugha (programu ya akili bandia iandikayo maneno) kwa sentensi 3,000 za Kiamu, lahaja ya Lamu. Nikiandika "ndia" yarudisha "njia". "Mato" yawa "macho". Dawa?

Jibu: Waalaykum salaam. Kabla hujailaumu modeli, tafuta "njia" ndani ya data yenyewe. Mara nyingi kikagua tahajia kimeshasahihisha Kiamu chote, hapo hata ufunze mwezi mzima ni bure. BPE nayo, mbinu ya kuyagawa maneno kabla modeli haijayasoma, huyakata yale adimu vipandevipande, ila hilo dogo.

Jibu: Naam. Kisha ifunze kwa LoRA, yaani sehemu ndogo ya ziada badala ya modeli nzima, ranki (ukubwa wa sehemu hiyo) 16. Kila sentensi nne za Kiamu tia moja ya sanifu, isije ikasahau. Sentensi za kupimia zitenge kwa msemaji, za mtu mmoja zikae upande mmoja. Utenzi mmoja ukigawanyika pande mbili, za kufunzia na za kupimia, alama zapanda kwa uongo.

Muulizaji: Lo! "Njia" zimejaa tele.