Hedhi ilikoma miaka sita iliyopita, mbona natokwa na damu baada ya tendo la ndoa?

Mama wa Langoni, Lamu

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 57, na hedhi yangu ilikoma nilipokuwa na miaka 51. Mume wangu, ambaye kazi yake ni ya baharini, amerejea baada ya safari ndefu, na tangu hapo nimeona damu mara mbili baada ya kukutana naye: mara ya kwanza lilikuwa doa la waridi kwenye shuka, lisilozidi ukubwa wa kokwa ya tende, na mara ya pili damu nyekundu iliyoendelea hadi alfajiri. Sina maumivu ya tumbo, ila nahisi kukwaruzwa wakati wa tendo lenyewe. Jirani mmoja amenishauri nitumie shabu, na mwingine anasema ni hedhi iliyorudi. Je, ningoje, au niende hospitali, ambako naona haya kujieleza?

Muuguzi mstaafu, Malindi

Wa alaykum salaam, dada yangu. Usingoje, na hiyo shabu iweke kando leo hii, kwa kuwa inazidi kukausha na kuchubua mahali ambapo tayari pamedhoofika. Hedhi ikishakatika kwa miezi 12 mfululizo, damu yoyote itokayo ukeni, hata tone moja, inapaswa kuchunguzwa. (Suala la swala muulize mwalimu wako, mimi nazungumzia mwili.)

Sababu ionekanayo mara nyingi ni ukavu: homoni ya estrojeni hupungua, kuta za uke huwa nyembamba, ute hukauka, na msuguano mdogo tu huzichubua. Maelezo yako yanaelekea huko, lakini hakuna awezaye kulithibitisha bila kutazama, kwa kuwa damu ya namna hiyohiyo yaweza kutoka kwenye mlango wa kizazi wenye maambukizi, kinyama au saratani, au ndani ya mji wa mimba. Katika wanawake waliokoma hedhi na wakatokwa na damu, takriban 9 kati ya 10 hawana saratani ya mji wa mimba. Ila wenye saratani hiyo, takriban 9 kati ya 10 huanza kwa damu kama hii.

Mwombe muuguzi wa kike, wala hakuna atakayekushangaa. Atatazama mlango wa kizazi kwa kifaa maalumu na taa, kisha achukue kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Kile kipimo kingine, cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuutazama, hakitegemewi sana kwa umri wetu, kwa sababu sehemu inayotazamwa huwa imerudi ndani. Baadaye hufanywa ultrasaundi, ikiwezekana ya kupitia ukeni: ukuta wa ndani wa mji wa mimba usiozidi milimita 4 huondoa hofu kubwa, na ukizidi hapo, au damu ikirudi tena, huchukuliwa kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Wataje pia dawa zote unazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda.

Bibi wa wajukuu wanne, Malindi

Mimi nilipewa vidonge vya maambukizi mara tatu katika zahanati moja, na hakuna aliyenilaza kitandani akanitazama. Muuguzi wa nne ndiye aliyeona kinyama chekundu, mfano wa punje ya komamanga, kimening'inia kwenye mlango wa kizazi. Kiliondolewa kwa kuzungushwa tu, kikapelekwa maabara, na sikulala hospitali. Usikubali dawa kabla ya kutazamwa.

Mama wa Langoni, Lamu

Ahsanteni sana. Na ikiwa ni ukavu, mafuta ya nazi yatatosha?

Muuguzi mstaafu, Malindi

Hupunguza msuguano, ingawa huharibu kondomu za mpira kwa wanaozitumia. Kilainishi cha maji ni salama zaidi. Kinachotibu chanzo chenyewe ni krimu au kidonge cha estrojeni cha kuweka ukeni, kwa kipimo kidogo, nacho huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti asikitumie bila idhini ya daktari wake. Yakipatikana maambukizi ya zinaa, mzee naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

Mama wa Langoni, Lamu

Nimeelewa. Jumatatu asubuhi nitakwenda hospitali ya King Fahd, na binti yangu atanisindikiza.