Kila kliniki mama anaambiwa "figo nzima", kumbe zinaisha. Karatasi za majibu mnatuandikia za nini?

Wakuu, heshima kwenu. Kama una mzazi mwenye presha au sukari, tafuta karatasi zake za maabara, zipange kwa miaka, uangalie mstari wa kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo. Kisha rudi hapa tuongee. Nina hasira na sitazificha.

Mama yangu ana vyote viwili, presha na sukari, na si mtu wa kukosa kliniki. Akiwa na miaka 62 kreatinini yake ilisoma 70 (mikromoli kwa lita). Akiwa na 65 ikasoma 83. Akiwa na 68 ikasoma 97. Pembeni maabara imeandika kiwango cha kawaida: 53 hadi 97. Mara zote jibu lilikuwa lile lile, "Mama, figo zako nzima, endelea na dawa." Namba inapanda mbele ya macho yao, imefika ukingoni kabisa, na hakuna aliyefungua ukurasa wa nyuma kuona ilikotoka.

Sasa nieleze nilichoelewa baada ya kubanana na daktari mmoja kijana kwenye hospitali nyingine, ambaye namshukuru mpaka kesho.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli. Misuli inaizalisha kila siku kwa kiasi kisichobadilika sana, damu inaibeba, figo zinaichuja na kuitoa kwa mkojo. Figo zikichoka, taka inabaki kwenye damu na namba inapanda. Ambacho hatuambiwi ni kwamba kiasi cha taka kinategemea misuli uliyonayo. Kijana anayebeba zege anazalisha nyingi. Mama mtu mzima aliyekonda anazalisha kidogo, kwa hiyo figo zake zinaweza kupoteza hata nusu ya nguvu wakati namba bado iko ndani ya kile kiwango cha maabara. Yule mama anatoka getini akimshukuru Mungu.

Ndiyo maana kuna hesabu inayoitwa eGFR. Inachukua kreatinini, umri na jinsia, inakadiria figo zako zinachuja mililita ngapi kwa dakika. Fomula inayotumika sana sasa ni CKD-EPI ya mwaka 2021, iko wazi mtandaoni, haina malipo, unaweza kuifanya kwenye simu. Chukua 97 ya kijana wa kiume wa miaka 25: unapata kama 95, figo safi. Chukua 97 hiyo hiyo ya mama wa miaka 68: unapata kama 55. Na eGFR ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu au zaidi. Rudini kwenye karatasi za mama yangu. Ya kwanza inatoa kama 84, ya pili kama 67, ya tatu 55. Onyo la ugonjwa lilikuwa limeandikwa kwenye faili, kwa wino, na mtu akagonga muhuri juu yake.

Hapo bado sijafika kwenye mkojo, na hapa ndipo ninapopandwa zaidi.

Sukari na presha huharibu vichujio vya figo, na mara nyingi dalili ya kwanza ni protini kuvuja kwenye mkojo, miaka kabla kreatinini haijashtuka. Kwa hiyo kupima figo kwa damu peke yake ni kupima nusu. Nusu ya pili ni kipimo cha albumini, yaani hiyo protini, kwenye mkojo kikilinganishwa na kreatinini ya mkojo huo huo, kwenye karatasi kinaandikwa ACR. Chini ya 3 ni kawaida, 3 hadi 30 ni onyo, juu ya 30 ni uvujaji mkubwa. (Hizo ni miligramu kwa milimoli. Maabara nyingine hutumia miligramu kwa gramu, na hapo mipaka ni 30 na 300, angalieni msije mkachanganya.) Mwongozo wa matibabu ya sukari unataka vipimo hivi viwili, eGFR na ACR, angalau mara moja kwa mwaka. Mama yangu katika miaka yote ile alichovywa kile kijiti cha mkojo tu, na kijiti hakikamati uvujaji mdogo. Alipokuja kupimwa ACR miguu imeshavimba, ilisoma 48. Kreatinini imefika 152, eGFR 32, ana miaka 70.

Na dawa je? Magoti yanamsumbua. Kliniki ile ile ikawa inampa diklofenaki, vidonge na sindano, huku anameza losatani ya presha na dawa ya kukojoza. Dawa za maumivu za kundi hilo hubana mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Ukizichanganya na hizo mbili nyingine, hatari inajulikana kwenye vitabu vyote vya dawa. Metformini, dawa ya sukari, nayo dozi yake inatakiwa iangaliwe upya eGFR ikishuka chini ya 45, na ikifika chini ya 30 isitumike. Utapangaje dozi kama hujawahi kukokotoa hiyo namba? Ulikuwa unampimia mama figo ili iweje?

Tafadhali, mtu asisome hapa akakimbilia kumwachisha mzazi wake losatani. Dawa za kundi hilo hulinda figo zenye kuvuja protini. Kreatinini inaweza kupanda kidogo baada ya kuanza, ndiyo maana hurudiwa kupimwa pamoja na potasiamu baada ya wiki moja au mbili. Cha kukwepa bila daktari ni diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao, na yale mizizi ya chupa yasiyojulikana ndani kuna nini.

Najua kuna watakaokuja kusema nchi maskini, vitendanishi (kemikali za kupimia) ghali, madaktari wachache, foleni ndefu. Nakubali, ACR ina gharama na si kila kituo kinayo. Lakini eGFR ni hesabu! Kreatinini mmeshapima, umri na jinsia mmeshaandika juu ya karatasi. Mnachoshindwa ni kuweka mstari mmoja wa ziada. Na kufungua majibu ya mwaka jana kuyaweka kando ya ya mwaka huu kunahitaji kitendanishi gani?

Gharama ya kweli iko mwisho wa safari. Kusafishwa damu ni mara tatu kwa wiki, kila mara kwa muda wa kama saa nne, maisha yote au mpaka upate figo ya ndugu. Muhimbili walifanya upandikizaji wa kwanza mwaka 2017, Benjamin Mkapa pale Dodoma wakafuata 2018, tukashangilia, na madaktari wale wanastahili. Lakini huku chini, kwenye kliniki ya presha ya Jumanne, mtu anaachwa ateremke ngazi moja moja mpaka afike huko, na kila ngazi anapewa karatasi ya pongezi.

Mama sasa yuko mikononi mwa daktari wa figo. Presha imeshikwa, sukari imeshikwa, diklofenaki imekatwa. Kilichokufa hakirudi, ila tunaambiwa kilichobaki kinaweza kutunzwa kwa miaka mingi, nami naamini. Ninachodai ni ile miaka kuanzia 65, ambapo kuna mtu angeweza kusema, "Mama, hii namba inapanda, tupime mkojo." Sentensi moja.

Mnaoenda na wazazi kliniki: ombeni nakala ya kila jibu, ni haki yenu. Ulizeni, "eGFR ni ngapi?" Ulizeni, "Mkojo umepimwa albumini?" Mkiambiwa "iko sawa", ulizeni mara ya mwisho ilikuwa ngapi. Namba moja ikitisha msipagawe, irudiwe, maana nyama nyingi, kuharisha au hata Septrin vinaweza kuipandisha kwa muda.

Na ninyi wataalamu wa maabara mliomo humu, nina swali na nataka jibu la kiufundi, sitaki pole. Mashine na programu zenu zinaweza kuchapisha eGFR kila kreatinini inapotoka, au haziwezi? Kama zinaweza, nani hajaagiza iwashwe?