Kamati za harusi Kigoma kudai fulufremu: ni haki, au tunawanyima vijana kazi bure?

Mleta mada

Wakuu, habari za saa hizi. Kuna jambo limeshika kasi hapa Kigoma mjini, kuanzia Mwanga hadi Ujiji, na naona tulijadili hadharani kabla halijageuka sheria. Siku hizi kamati ya harusi ikitafuta mpiga picha, swali la kwanza ni: "Una fulufremu?", yaani kamera yenye sensa kubwa, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Ukisema huna, mazungumzo yameishia hapo, hata kazi zako hazitazamwi. Sababu wanayoitoa ni kwamba bila sensa kubwa, kule nyuma ya bibi harusi hakuyeyuki, yaani hakutoki ukungu laini ili yeye aonekane peke yake.

Sababu hiyo haisimami, na inawaumiza vijana ambao wangefanya kazi nzuri kwa kamera walizonazo.

Kinachoyeyusha nyuma ni upana wa tundu la lenzi, pamoja na umbali. Chukua urefu wa fokasi (zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi), gawanya kwa namba ya f (ile inayofuata f/), umepata upana wa tundu. Lenzi ya 50mm kwenye f/1.8 ina tundu la milimita 28. Sasa msimamishe bibi harusi ufukweni Kibirizi usiku wa giza, nyuma yake mbali ziwani kuna taa za wavuvi wa dagaa. Kila taa itatoka kwenye picha ikiwa duara. Lipime duara hilo kwa kulilinganisha na uso wake: litakuwa na milimita 28 hivi, karibu upana wa jicho lake. Funga 85mm f/1.8, tundu linafika milimita 47, na duara linakaribia upana wa mdomo. Katika hesabu hiyo sensa haimo kabisa.

Sensa inaingia kwa mlango mwingine. Fulufremu ni milimita 36 kwa 24. Sensa ndogo za Nikon na Sony ni takriban 23.5 kwa 15.6, kwa hiyo zinakata pembeni, na 50mm ikifungwa humo inabana picha kama 75mm kwenye fulufremu. Mwenye fulufremu akitaka picha ileile, amesimama palepale, lazima afunge lenzi ndefu zaidi, na lenzi ndefu kwa f ileile ina tundu pana zaidi: 75 gawanya kwa 1.8 ni 42. Hiyo ni faida ya kweli, siibishii. Ila imetoka kwenye lenzi. Mtu huyohuyo akija na zumu yake ya 24-105mm f/4, hata akiivuta mpaka mwisho, tundu ni milimita 26. Kijana mwenye sensa ndogo na 50mm f/1.8 ameshampita.

Anayeamini sensa ndogo kwa asili yake inazuia nyuma kuyeyuka ajaribu hili. Fulufremu nyingi za sasa unaweza kuzipanga zitumie sehemu ya katikati tu ya sensa. Piga moja kwa sensa nzima na nyingine kwa katikati, bila kusogea wala kubadili lenzi. Duara dhidi ya uso halibadiliki hata kidogo, kilichobadilika ni pembeni kukatwa. Tena ukizichapa kwa ukubwa mmoja, ile iliyokatwa ndiyo inayoonekana imeyeyuka zaidi nyuma, kwa sababu imekuzwa zaidi.

Umbali nao tunauchezea vibaya. Wengi tunamsimamisha bibi harusi ameegemea ukuta au ua. Tuseme yuko mita 2 kutoka kwako na ukuta uko mita 1 nyuma yake. Hapo duara la kuyeyuka linabaki theluthi moja ya tundu: 50mm f/1.8 inakupa milimita 9, na 85mm f/1.8 kwenye fulufremu inakupa 16. Sasa muombe asogee mbele, ukuta ubaki mita 6 nyuma yake, nawe urudi nyuma ubaki mita 2 kutoka kwake. Sensa ndogo yako inatoa milimita 21. Hatua chache, bure, na umempita mwenye fulufremu aliyebaki ukutani.

Mchangiaji, Ujiji

Mkuu, hesabu nimezielewa, lakini umechagua ufukwe kwa sababu unakufaa. Sisi kazi yetu ni ukumbini usiku. Maharusi wamekaa jukwaani, mapambo yako mgongoni mwao, nitamwambia nani asogee? Na huko tatizo ni chenga, vile vidoa vya picha iliyokosa mwanga. Eneo la fulufremu ni kama mara 2.4 ya hizo ndogo, kwa hiyo kwa f ileile na kasi ileile ya shata (muda wa kupokea mwanga) inakusanya mwanga zaidi ya mara mbili. Hicho ndicho kamati inakilipia. Halafu simu nazo siku hizi zinayeyusha. Tusipojitofautisha kwa vifaa, wataambiana shangazi apige.

Mleta mada

Ndugu yangu, hoja ya mwanga ni nzito na naikubali. Basi kamati iseme hivyo, iombe picha za ukumbini, iache kusingizia nyuma kuyeyuka. Hata mwanga unafuata tundu. Lenzi ya 56mm f/1.2 kwenye sensa ndogo ina tundu la milimita 47, sawa na 85mm f/1.8 kwenye fulufremu, na zinabana picha karibu sawa. Kwa kasi moja, mwanga wote unaofika kwenye sensa unalingana.

Kwenye picha ya ukoo, safu tatu jukwaani, huwezi kufungua f/1.8, safu ya nyuma itapotea. Wa fulufremu akibana tundu hadi f/8 ili safu zote zitoke kali, wa sensa ndogo anapata kina kilekile cha ukali kwenye f/5.6 hivi, na mwanga unalingana tena. Na hayo mapambo, mpambaji amelipwa. Hakuna mama mzazi anayetaka yayeyuke.

Simu ni jambo jingine. Tundu lake ni milimita chache tu, kuyeyuka kule kunachorwa na programu, mtindo ulioenea tangu iPhone 7 Plus ya 2016. Kuza ukingo wa shela. Programu haijui wavu unaishia wapi, inaacha vipande vikali vya ukuta ndani ya matundu ya wavu, na hereni inafutwa nusu. Lenzi halisi inafifisha taratibu, kutoka jicho hadi sikio hadi bega. Mteja akionyeshwa hapo anaelewa, bila kuuliza sensa.

Walio kwenye kamati humu: nani amewahi kuomba picha tatu, ya ufukweni, ya jukwaani na ya ukoo, kabla ya kuuliza aina ya kamera? Na wenye fulufremu, jukwaani mnapiga kwa f ngapi?