Tarehe 9 Novemba nchini Ujerumani: ni sadfa tupu au kuna uhusiano?

Mpenda Kalenda:
Wanajukwaa, salaam. Katika kusoma historia ya Ujerumani nimekutana na tarehe moja inayonitatiza. Tarehe 9 Novemba 1918 utawala wa Kaisari uliporomoka na jamhuri ikatangazwa jijini Berlin. Tarehe hiyohiyo mwaka 1923 jaribio la Hitler la kupindua serikali lilizimwa kwa risasi mjini Munich. Mwaka 1938 masinagogi yakachomwa moto nchi nzima. Na mwaka 1989 Ukuta wa Berlin, uliougawa mji huo kati ya Mashariki na Magharibi, ukafunguliwa. Je, ni sadfa tu, au yupo aliyekuwa akiichagua siku hiyo kwa makusudi? Naomba hoja, si mambo ya nyota na ramli.

Mwalimu Mstaafu:
Ndugu, matukio hayo hayafai kutiwa kapu moja. La mwaka 1938 limezaliwa na lile la 1923. Baada ya kushika madaraka mwaka 1933, Hitler aliifanya tarehe 9 Novemba kuwa siku ya kuwakumbuka wafuasi wake 16 waliouawa katika jaribio lile, kwa hiyo kila ilipowadia, vigogo wa chama chake cha Nazi walikusanyika Munich. Tarehe 7 Novemba 1938 kijana wa Kiyahudi mwenye umri wa miaka 17, Herschel Grynszpan, alimpiga risasi mwanadiplomasia wa Kijerumani, Ernst vom Rath, jijini Paris. Majeruhi huyo alifariki alasiri ya tarehe 9, na jioni hiyo vigogo walikuwa wamekaa pamoja mezani, katika ukumbi wa zamani wa manispaa ya Munich. Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, akasimama akatoa hotuba ya uchochezi, na waliomsikiliza wakakimbilia simu kuwapa amri watu wao mikoani. Wanaume wa Kiyahudi wapatao 30,000 walikamatwa na kupelekwa katika kambi za mateso. Kifo cha vom Rath kuangukia siku hiyo kilikuwa sadfa. Wakubwa wote wa chama kuwa chumba kimoja usiku huo hakukuwa sadfa hata kidogo.

Kati ya 1918 na 1923 kilichopo ni kinyongo zaidi kuliko kalenda. Hitler aliwaita walioleta jamhuri "wahalifu wa Novemba", lakini siku yenyewe aliipata kwa sababu Gustav von Kahr, aliyekuwa akiitawala Bavaria, alikuwa na mkutano katika ukumbi wa bia wa Bürgerbräukeller jioni ya tarehe 8. Hitler aliuvamia mkutano huo, na kesho yake wafuasi wake wakaandamana hadi walipokutana na bunduki za polisi.

Kijana wa Maktaba:
Naongezea kidogo kwa Mwalimu. Desturi hiyo ya kila mwaka nusura imgharimu Hitler maisha yake. Seremala Georg Elser alijua kwamba kila tarehe 8 Novemba Hitler angerudi kuhutubia katika ukumbi uleule, hivyo alijificha humo usiku baada ya usiku akichimba nguzo iliyokuwa nyuma ya jukwaa, akatega bomu la saa. Mwaka 1939 bomu lililipuka likaua watu wanane, lakini Hitler alikuwa ameondoka dakika 13 kabla, kwa kuwa ukungu ulimlazimu asafiri kwa treni badala ya ndege.

Mpenda Kalenda:
Ahsanteni sana. Na mwaka 1989?

Mwalimu Mstaafu:
Hapo ndipo sadfa ilipo, tena ya ajabu. Kanuni mpya za Ujerumani Mashariki, za kuwaruhusu raia wake kusafiri kwenda Magharibi, zilipangwa kutangazwa tarehe 10 Novemba. Günter Schabowski, mmoja wa viongozi wa chama tawala aliyetumwa kuzungumza na waandishi wa habari jioni ya tarehe 9, alipewa karatasi yenye kanuni hizo bila kuelezwa vizuri kuhusu muda huo. Mkutano ukikaribia kwisha, aliisoma. Alipoulizwa zinaanza lini, akapekuapekua karatasi zake kisha akajibu kwamba, kwa jinsi anavyofahamu, zinaanza mara moja. Habari ilienea, watu wakafurika kwenye vituo vya mpakani, na yapata saa 5:30 usiku walinzi wa kituo cha Bornholmer Straße jijini Berlin, ambao hawakuwa wamepata maelekezo yoyote ya maana, wakafungua njia. Lau Schabowski angeelezwa sawasawa, huenda leo tungekuwa tunaizungumzia tarehe 10.

Wapo wanaoongeza pia mwaka 1848, ambapo mwanasiasa Robert Blum aliuawa kwa kupigwa risasi karibu na Vienna tarehe hiyohiyo. Mimi simhesabu, maana karne nzima ukiichambua utapata jambo zito kwa kila tarehe. Lakini Wajerumani wenyewe waliupima uzito wa siku hii: walipotafuta sikukuu ya taifa baada ya kuungana, tarehe 9 Novemba ilipendekezwa ikaachwa kwa sababu ya mwaka 1938, wakachukua tarehe 3 Oktoba, siku muungano ulipoanza rasmi mwaka 1990.